Mpakato wa Mama

Siku yangu ya kwanza kazini nilivulishwa viatu. Si mimi peke yangu; kila aliyeingia chumba cha kompyuta pale Songea aliviacha mlangoni, kwa kuwa vumbi, tuliambiwa, ni sumu kwa mashine. Nikaingia na soksi iliyotoboka kwenye kidole gumba. Mkuu wa Kitengo alikitazama kidole, akanitazama usoni, akasema karibu. Ndivyo nilivyoanza kazi ya kuandika programu, wanangu, nikiwa nimeukunja mguu kutwa nzima.

Ilikuwa miaka ile soko lilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakamiminika kila kona. Kampuni yetu ilinunua korosho na tumbaku, na mimi niliandika programu za kufuatilia mzigo ghalani. Mashine yangu ilikuwa ya mezani, kubwa na nzito, na umeme ulikatika bila hodi. Ukikatika, chochote ambacho hujakihifadhi umekipoteza. Nimelia mara nyingi mbele ya kioo cheusi, siwafichi.

Waliponipa laptop ya kwenda nayo maghala ya Nalasi na Lusewa, nilifurahi kama mtoto aliyeshonewa nguo ya Krismasi. Ilikuwa na betri. Umeme ukienda, yenyewe inaendelea. Haukupita muda ile ya mezani ikafa kabisa, na mama yangu naye akapooza upande mmoja. Baba alishafariki, na mtoto ni mimi peke yangu. Mkuu wa Kitengo akaniruhusu nifanyie kazi nyumbani Mjimwema, niwe nafika ofisini penye haja tu. Siku hizo jirani alinishikia mgonjwa.

Kisha akaja Meneja wa Tawi mpya, mtu wa Tanga, mwenye Kiswahili chake kitamu. Alinikuta ofisini nimeinamia laptop huku mkono mmoja unakanda shingo. Akauliza kama kazi yangu haihitaji mashine ya mezani. Nikamjibu ukweli, kwamba inaihitaji. Kioo kidogo kinaumiza macho, na ninapoitafsiri programu kubwa, yaani kuyageuza maandishi yangu yawe lugha ya mashine, laptop inachemka na kujikokota. Akasema ataagiza ya mezani. Nikashukuru. Ndipo akaongeza kwamba hiyo mpakato, neno ambalo ndiyo kwanza nalisikia, itahamia kwa Mhasibu, maana mtu mmoja hawezi kukalia mashine mbili.

Nilirudi nyumbani moyo mzito. Bila laptop nitashinda ofisini kila siku. Mama atashinda na nani? Na nikiacha kazi, tutakula nini? Nikamweleza mama yote, hata jina jipya la mashine. Kwetu anayepakatwa ni mtoto. Mama akacheka kwa ule upande wa mdomo uliobaki na nguvu.

"Mpakato? Basi niletee nimpakate."

Alisema nimpakate, kama mtu. Nikamwekea magotini. Ilikuwa Julai, baridi ya Songea inapenya mpaka mifupani, na mashine ilikuwa imechemka kwa kazi. Mama akaizungushia mkono wake mzima, akafumba macho. Tangu hapo, kila nilipoacha kuandika nikapike uji, nilimwachia.

Meneja akaja kumjulia hali mgonjwa, kilo ya sukari mkononi. Mimi nilikuwa jikoni; nikasikia shikamoo, nikasikia marahaba, kisha kicheko. Kutoka, namkuta ameketi kwenye kigoda mbele ya mama, na mama ameipakata mali ya kampuni, kaifunika kitenge kama kichanga. Nikaanza kuomba radhi, akanionyesha kwa mkono ninyamaze.

"Bibi ananiambia mjukuu wake ana joto," alisema, "lakini si homa."

Akanywa uji wetu, hakugusia tena habari za mashine. Nilipomsindikiza mpaka barabarani ndipo aliposimama.

"Ya mezani itakuja, dada, uipumzishe hiyo shingo. Hii ibaki hapa. Mhasibu hana wa kumpakatia."

Mama aliziona baridi nyingine mbili, akaondoka. Nami nikaendelea na kazi, wakubwa wakaja na kuondoka, mpaka nikastaafu. Siku ya kuniaga walinipa ile laptop kuukuu. Hakuna mwingine aliyeitaka.

Sasa vijana huniuliza kama mwandishi wa programu mwenye laptop anahitaji na ya mezani. Anaihitaji, wanangu. Msiidanganye miili yenu, macho hayanunuliwi. Laptop ni ya safari, na ya nyumba yenye mgonjwa.

Yangu bado ninayo. Betri ilishakufa, naiwasha kwa waya. Asubuhi za Julai huiweka magotini, nikajifunika kitenge kilekile. Siandiki kitu. Nasubiri ipate joto.