Jezi Nilizopiga Pasi Mwenyewe

Jezi yetu namba tisa ina kiraka chini ya kwapa. Nilikishona mimi kwa uzi wa kijani, kwa sababu siku ile uzi wa njano uliniishia. Kiraka hicho ndicho nilichokitambua kwanza Jumapili ile. Kilikuwa kinakimbia uwanjani, na aliyekivaa ni kijana ambaye sijawahi kumwona maishani mwangu.

Ngoja niseme kwanza timu ilikuwa timu gani. Ilikuwa timu ya mpira ya watu wetu wa hapa Johannesburg: Watanzania, Wakongo, Warundi wachache na golikipa mmoja Mkenya. Mafundi cherehani, walinzi, wauza viatu. Tulikuwa kwenye ligi ndogo ya mji, tunachezea uwanja wa manispaa upande wa Troyeville, na timu nyingine zote za ligi hiyo zilikuwa za wenyeji. Timu iliandikishwa kwa jina la mzee mmoja mwenye duka Mayfair, mtu wa Tanga kama mimi. Jezi tulichangia sisi mashabiki. Tulikuwa wachache, lakini tukiimba tunasikika mpaka kwenye roboti, zile taa za magari za barabara kubwa.

Mimi nilikuwa naenda kwa sababu ya mtoto. Mpira wenyewe mwanzoni sikuujali. Binti yangu kazaliwa hapa. Nyumbani kwetu La Rochelle namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza. Nikimgombeza, ananijibu Kizulu. Mama yangu akipiga simu ya video kutoka Tanga, mtoto anaishika simu kama sufuria ya moto na kutabasamu tu, mpaka bibi yake anauliza, "Huyu mjukuu wangu ni bubu?" Lakini Jumapili uwanjani, mtoto huyo huyo anapanda mabegani kwa baba yake na kumwambia refa avae miwani. Kiswahili kinamtoka chenyewe, pamoja na vitusi vidogo alivyookota kwa Wakongo. Nikaelewa kwamba kwa mwanangu lugha yangu inaishi pale tu, kwenye zile ngazi za zege. Mahali pengine hakuna.

Jezi zilikuwa na utaratibu wake. Kila nyumba inazishika mwezi mmoja. Unazifua, unapiga pasi, unazileta Jumapili kwenye mfuko ule mkubwa wa mistari, na mechi ikiisha unaingia chumba cha kubadilishia na mfuko wako. Mwenye zamu haulizwi. Ukifungua mfuko, mtu anavua jezi anatia.

Basi mzee wa Mayfair akaanza kuumwa miguu, akataka kurudi Tanga. Akatuambia amepata mtu wa kuichukua timu.

Huyo mtu akaja na gari jeupe. Hakukaa garini, alikuja kukaa nasi kwenye zege, akala pilau kwa mkono. Kiswahili chake kimenyooka kama cha mtangazaji wa redio. "Ndugu zangu," akasema, "timu hii inastahili basi lake na jezi mpya. Nipeni msimu mmoja tu." Kabla hajanawa mikono, wanawake tulishaanza kugawana viti vya basi, nani akae dirishani na nani atapike nyuma.

Nahodha peke yake ndiye hakucheka. Ni fundi cherehani, mtu wa Bukavu. Akaniinamia sikioni: "Dada, ule mutu hakuuliza jina ya muchezaji hata moja. Anauliza tu tuko daraja gani ya ligi."

"Kaka, wewe hata harusini unatafuta kasoro," nikamwambia.

Mama wa Kizanzibari anayetupikia akadakia: "Mwacheni. Kala sahani mbili. Mtu mwenye nia mbaya hali vile."

"Shangazi, hata mwizi anasikiaka njaa," nahodha akajibu, na hapo tukacheka wote, hata tajiri mwenyewe, ambaye sijui kama alisikia.

Halafu tukamwombea. Hili ndilo linanichoma. Tulisimama duara kama kawaida yetu kabla ya mechi, ikasomwa Fatiha, kisha Mkongo mmoja akaomba kwa jina la Yesu, mkono wake uko begani kwa yule mtu. Binti yangu alisema amina mara mbili, moja kwa kila upande.

Wiki hiyo dereva wa tajiri akaja kwangu. Mimi ndiye nilikuwa na zamu. "Bosi anataka jezi zikawekwe jina la mdhamini," akasema. Nilikuwa nimetoka kuzipiga pasi, bado zina joto. Nikampa na mfuko wake. Nikamwambia namba tisa ina kiraka, amwambie fundi asikibandue.

Jumapili tukafika tukiwa tumechelewa kidogo, mechi imeshaanza. Njano yetu iko uwanjani. Nikainua mkono kuimba, macho yakaangukia kile kiraka, yakapanda kwenye uso wa mtu nisiyemjua. Nikamtazama namba nne. Simjui. Golikipa, simjui. Nikageuka, na vijana wetu wote walikuwa wamekaa nyuma yangu na nguo zao za nyumbani. Nahodha alikuwa amening'iniza njumu zake shingoni.

"Vipi? Mnasubiri nini huku?"

"Dada, tumeambiwa hatumo."

Hatumo. Nilikuwa nimemshika mtoto mkono, na akalalamika kuwa namuumiza.

Tajiri alikuwa amesimama kwenye mstari na wenzake wawili wenye makoti. Nikamwendea. "Mzee, vijana wetu wako kule juu."

"Najua, dada." Sauti ya upole kabisa. "Mimi nimenunua nafasi ya ligi. Sikununua watu. Hawa ni vijana wangu, walikuwa hawana ligi, sasa wanayo."

Nchi hii mambo yako hivyo. Huna haja ya kupanda kutoka chini. Unanunua nafasi ya timu nyingine na kuhamia humo kama mtu anayepanga chumba chenye kitanda tayari. Kumbe ni kitu cha kawaida. Sisi tulidhani mtu anayenunua timu anainunua kwa sababu anaipenda.

"Ulikula pilau yetu," nikasema. Ndilo neno pekee lililokuja.

"Ilikuwa nzuri sana. Nifikishie shukrani kwa aliyepika."

Angenitukana ningejua la kufanya. Lakini alinijibu kwa adabu, kwa lugha yangu, tena nzuri kuliko ninavyoiongea mimi. Nikarudi kukaa. Hakuna aliyekuwa anaimba. Shangazi mpishi alikuwa ameshika mfuniko wa sufuria yake, haufungui wala hauweki chini. Likafungwa bao. Jezi za njano zikafunga, na mikono yetu ikapanda yenyewe kwa mazoea, watu wazima na akili zao, halafu ikashuka mmoja mmoja.

Binti yangu akanivuta sketi na kuniuliza kama wale ni wa kwetu. Aliuliza kwa Kiingereza. Pale pale kwenye zege, mahali ambapo hajawahi kunisemesha Kiingereza hata siku moja.

Hasira ikanipata wakati huo. Kabla ya hapo nilikuwa nimepigwa na butwaa tu.

Kipenga cha mwisho kilipolia nikashuka. Mfuko wangu wa mistari ulikuwa umetupwa mlangoni mwa chumba cha kubadilishia. Nikauokota, nikaingia bila hodi, nikaufungua. "Jezi," nikasema.

Wale vijana hawana kosa. Walidhani mimi ni mama wa kufua, na kwa kweli ndiye. Wakavua na kutia mfukoni, mmoja baada ya mwingine. "Siyabonga, mama," kila mmoja ananishukuru kwa Kizulu. Namba tisa akaikunja yake kwanza, mtoto wa watu, kalelewa.

Dereva akasimama mlangoni. "Dada, bosi hajasema."

"Bosi kanunua nafasi ya ligi. Kaniambia mwenyewe. Jezi hakununua, na mwezi huu zamu ni yangu. Nipishe."

Akanipisha. Nilipita mbele ya gari jeupe, tajiri yumo ndani na simu sikioni. Nilitaka ashuke anifuate, nilikuwa nimeshajiandalia maneno. Hakushuka. Alinitazama kama unavyomtazama mtu anayebeba takataka zako, kisha akaendelea kuongea.

"Sasa tutachezea wapi?" nahodha akaniuliza getini.

"Eish, kaka, sijui," nikasema, na mpaka leo sijui. Jezi ziko kwangu. Ligi hatuna.

Mfuko ulikuwa mzito kwa jasho la watu. Baba mtoto aliniomba aubebe, nikamkatalia. Binti yangu akashika mpini mmoja, mimi mwingine, tukashuka kuelekea kwenye teksi.

"Mama," akasema, "zinanuka."

Kiswahili. Tukiwa barabarani. Sikugeuka, nisije nikamfanya agundue.

"Shika vizuri," nikamwambia. "Tukifika tunaziloweka."