Kipima Presha Kilichoanguka

Kwenye kliniki ya wajawazito walimwita Mama Tunakuja. Kwa miaka ishirini na mbili nesi huyo alikuwa amekaa kwenye chumba kilekile chenye dirisha linalotazama ukuta, akipima matumbo na presha na kurudia mawaidha yaleyale, mpaka wanawake wakawa wanamjibu kama darasa.

"Kichwa kikiuma kisiache?"

"Tunakuja!"

"Macho yakiona vimulimuli?"

"Tunakuja!"

"Uso na mikono vikivimba?"

"Tunakuja, mama, hata kwa kutambaa!" Na benchi zima hucheka.

Jumanne moja aliamka kichwa kinamgonga. Presha alikuwa nayo tangu zamani, na vidonge alikuwa amevisahau siku mbili. Kabla ya kufungua mlango wa kliniki, akajifunga mkanda wa kipimo mkononi, akaminya mpira. Mia na kumi kwa sabini. Presha ya msichana! Akatabasamu, kisha tabasamu likamkauka mdomoni.

Akaenda kuazima kipimo cha daktari. Mia na sitini na tano kwa mia moja na tano.

Siku kipimo chake kilipoharibika aliijua. Wiki tatu nyuma, akigeuka kuchukua kadi, kiwiko chake kilikisukuma kipimo kikaanguka sakafuni. Alikiokota, akakifuta, akaminya mpira. Mshale ukapanda, ukashuka. Mdharau mwiba mguu huota tende, lakini asubuhi ile foleni ilikuwa imefika nje, na yeye hakumwambia mtu.

Akafungua daftari. Tangu siku ile alikuwa amepima wanawake arobaini na mmoja, na wote arobaini na mmoja aliwaandikia kwamba wako sawa. Hapo ndipo jasho lilipomtoka. Katika miaka yake yote hakuwahi kupata wiki tatu zisizo na hata mmoja wa kumtia wasiwasi, na yeye alikuwa akimshukuru Mungu. Vijiti vya kupimia mkojo navyo vilikwisha mwezi uliopita, kwa hiyo hakukuwa na kitu cha kumzindua.

Alimweleza daktari yote, mpaka kiwiko. Daktari hakufoka.

"Anza kupiga simu," alisema. "Mimi nawapima walioko nje."

Kufikia saa sita mchana alikuwa amewapata thelathini na tisa. Wawili kati yao, walipokuja na kupimwa upya, walipelekwa hospitali kubwa saa ileile. Wakabaki wawili. Mmoja simu yake ilikuwa imezimwa. Mwingine, fundi cherehani, mimba ya kwanza, miezi minane, simu yake iliita tu bila kupokelewa.

Alimkumbuka vizuri fundi huyo. Wiki iliyopita alilalamika kwamba viatu vyote vinambana. "Mwanangu, mtoto ni mzigo," Mama Tunakuja alimwambia baada ya kutazama mshale. "Ukipumzika, nyanyua miguu." Fundi akaondoka anacheka.

Akatoka mbio, nusu anatembea nusu anakimbia, mpaka nyumba ya fundi nyuma ya karakana ya magari. Mlango ulifunguliwa na wifi yake.

"Amelala, nesi. Nimefunga mapazia, mwanga unamuumiza."

Ndani, kwenye cherehani, kitambaa kilikuwa kimeachwa chini ya sindano, mshono umekwenda upogo. Fundi alikuwa kitandani, uso umejaa mpaka macho yamebaki nyufa mbili nyembamba.

"Tangu lini?"

"Tangu juzi. Anasema anaona vimulimuli vinapita."

"Mbona hamkuja?"

Wifi akamkazia macho. "Nilimwambia twende. Akasema, nesi kanipima mwenyewe, kasema niko sawa."

Ndani ya teksi ya kwenda hospitali kubwa, mwili wa fundi ulikakamaa, kisha ukaanza kutetemeka. Mama Tunakuja akamlaza ubavu na kumshika asianguke, huku wifi akipiga mayowe na dereva hatoi mkono kwenye honi.

Walimpasua mchana uleule. Mtoto wa kike, kilo moja na nusu, akawekwa kwenye kisanduku cha joto. Mama yake alipata fahamu siku ya tatu. Siku ya tano Mama Tunakuja akakaa kando ya kitanda chake na kumwambia ukweli.

"Ulijua kimeanguka?" fundi akauliza.

"Nilijua. Kama kimeharibika sikujua, na sikutafuta kujua."

Fundi akageukia ukutani. Wifi ndiye aliyesema, kwa upole uliomuuma kuliko tusi, "Nenda, mama. Utakuja siku nyingine."

Alipewa barua ya onyo na kipimo kipya. Yule wa simu iliyozimwa, Mama Tunakuja alimfuata mpaka kwenye chumba alichokuwa amepanga. Mwenye nyumba akasema amehamia kwa dada yake, mji gani hajui. Kwenye daftari, kwa mwandiko wa Mama Tunakuja mwenyewe, presha yake ni mia na kumi na nane.

Kila asubuhi hupiga namba ile kabla ya kumwita mwanamke wa kwanza. Haipatikani. Kwa hesabu ya kadi, mimba ile ilitimiza miezi tisa wiki iliyopita.