Saa ya Matangazo ya Vifo

Niliijua redio ile kwa sauti kabla ya kuijua kwa sura. Ilikaa juu ya kabati la vyombo, nami nilikuwa mfupi, kwa hiyo ilinifikia kwanza kama mkwaruzo, kama mtu anayeparura sufuria iliyoshika ugali, kisha mluzi mwembamba uliopanda na kushuka, kisha kofi. Kofi lilikuwa la nyanya yangu. Aliipiga redio ubavuni jinsi alivyompiga ng'ombe asiyetaka kusimama akamwe, bila hasira yoyote, na redio ikasafisha koo ikaanza kuongea.

Hiyo ilikuwa Chepsaita, katika nyumba ya mbao nyuma ya duka ambalo babu na nyanya walilifungua walipohamia huku kutoka upande wa kati wa nchi. Saa ya matangazo ya vifo ilipokaribia, nyanya aliishusha redio na kuiweka dirishani, uso wake ukitazama nje, kwenye ua wa miiba ya kayaba. Upande wa pili wa ua, jirani yetu alikuwa ameshaketi kwenye kigoda, maziwa yamefunikwa, mikono imetulia mapajani. Nyanya nilimwita Shosho, kama wajukuu wa kwao wanavyoita. Jirani nilimwita Kogo, kama wajukuu wa kwao wanavyoita. Nilikua nikiamini kwamba kila mtoto ana bibi wawili, mmoja kila upande wa miiba.

Redio ilikuwa ya Shosho na mawe, yaani betri, yalikuwa ya Kogo. Ndivyo walivyopatana tangu wakiwa mama wachanga. Mawe yalipochoka, Kogo aliyaanika juu ya bati la zizi la ndama yaote jua, na siku mbili tatu yalipata nguvu tena. Yalipokataa kabisa ndipo aliponunua mengine. Shosho alimtania kwamba hata mawe ya redio anayafuga.

"Wewe ongea tu," Kogo alijibu kutoka ng'ambo. "Nikiyachukua leo, hiyo redio yako ni sanduku la kuwekea vitunguu."

Lakini muziki wa huzuni ulipoanza, walinyamaza wote, nasi watoto tulinyamazishwa. Mtangazaji alisoma jina la marehemu na kijiji chake, kisha akaanza ukoo: mke wa fulani, mama ya fulani wa Turbo, dada ya fulani wa Sugoi, shemeji ya fulani. Shosho alisikiliza ya kwao na ya akina Kogo pia. Kogo alifanya vivyo hivyo. Kama mmoja alikuwa shambani, mwenzake alimtunzia majina kichwani hadi jioni. Siku moja niliuliza kwa nini mtu aliyekufa anahitaji watu wengi hivyo kando ya jina lake. Kogo ndiye aliyenijibu.

"Hao hawasomwi," alisema. "Wanaitwa. Kila mmoja anaitwa kwa jina lake, aache jembe aje."

Kisha ukaja ule mwaka ambao majirani waligeukiana, tukaondoka Chepsaita na nguo tulizovaa. Tuliporudi, duka lilikuwa majivu na ua wa kayaba ulikuwa visiki vyeusi. Kogo alivuka pale palipokuwa na ua. Hakusema pole, labda aliona pole ni neno dogo. Alifungua gunia la mahindi alilokuja nalo, akazamisha mkono hadi kiwiko, akaitoa redio. Mawe ndani yalikuwa mapya. Nautaja mwaka ule kwa sababu moja tu: mtu ajue redio ile ilikuwa na uzito gani katika nyumba yetu, kabla sijasema lililonikasirisha.

Simu zilikuja kwetu kwa hatua, kila moja ikiwa na adabu ndogo kuliko iliyotangulia. Ya kwanza ilikuwa ya kibanda kando ya kinu cha posho. Mwenye kibanda alipopokea habari yako, alifunga mlango wake akaja kwa miguu hadi kwako, na kama habari ilikuwa mbaya alivua kofia akiwa bado barabarani. Baadaye zikaja kabambe, simu ndogo za vitufe zenye tochi, ambazo Shosho alizipenda kwa sababu ya tochi. Aliongea nazo kwa sauti ya kufika Sugoi bila mtambo. Halafu zikaja hizi za kupapasa, na pamoja nazo makundi: kundi la ukoo, kundi la kanisa, kundi la harusi, kundi la mazishi. Sizichukii. Naandikia kwenye moja. Lakini kibanda kile kilijua jambo ambalo simu hizi zimelisahau, kwamba habari haijafika hadi imfikie mwenyewe.

Kogo alikufa mwaka huu. Miezi ya mwisho aliishi Pioneer, mjini Eldoret, kwa mwanawe ambaye ni mwalimu mstaafu, ili awe karibu na hospitali. Mimi napanga chumba mtaa huohuo. Rafiki mmoja alinitumia tangazo kwenye simu: picha ya Kogo akiwa amevaa kitambaa cheupe, mishumaa miwili ya kuchorwa, njiwa, na maandishi ya dhahabu. Ilikuwa Jumanne. Mazishi ni Ijumaa. Nilipanda kwenda Chepsaita nimwambie Shosho kwa mdomo wangu.

Hakulia. Aliishusha redio ileile, akaiweka dirishani. Saa ya matangazo ilipofika aliipiga kofi na tukasikiliza wote wawili. Wafu wa siku hiyo walikuwa wachache sana, na walisomwa haraka, kati ya tangazo la mbegu na tangazo la mkopo. Kogo hakuwa miongoni mwao.

"Dada yake wa Sugoi atasikiaje?" Shosho aliuliza.

Nilimjua dada huyo. Ni mkubwa kwa Kogo, macho yake yameisha, na hajataka simu tena tangu ile ya mwisho ilipofungwa laini kwa sababu hakwenda kupigwa picha ya kusajiliwa upya. Mtu asiyeona alitakiwa asafiri hadi mjini akaitazame kamera, la sivyo sauti yake izimwe, na ikazimwa. Redio ndiyo iliyobaki. Kila mchana huketi kando yake, kama Shosho na Kogo walivyoketi kando ya ua.

Shosho alisema si kazi yetu kupeleka msiba wa watu, wenyewe wapo. Alitaka kwanza redio iseme. Kwa hiyo Jumatano asubuhi nilikwenda kwenye kituo cha redio mjini. Nakumbuka pale dirisha dogo lenye mama mmoja aliyeandika matangazo kwa mkono, akikuuliza, "Na wajukuu? Usisahau wajukuu." Dirisha limezibwa kwa mbao. Mlinzi alinionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani, akasema siku hizi ni kwa simu tu. Nilijaza fomu kwenye simu palepale. Simu ilikataa jina la dada wa Sugoi, ikisema maneno yamezidi. Nikaondoa mapambo yote, njiwa wote wa maneno, nikabakiza jina la Kogo na la dada yake. Ikakubali, kisha ikanijulisha kwamba tangazo langu litasomwa Jumamosi.

Mtu wa kubishana naye hakuwepo. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo. Zamani ukidhulumiwa kulikuwa na uso, ungeupandishia sauti, na huenda uso huo ukaona haya. Mimi nilisimama kwenye lami nikiigombeza picha ya tiki ya kijani.

Mchana huo Shosho alishuka Pioneer kwa boda, koti la mvua mapajani, na tukaingia pamoja kwenye mkutano wa mazishi sebuleni kwa mwalimu. Watu walijaa hadi jikoni. Televisheni kubwa ukutani ilikuwa imeunganishwa na kompyuta, na ndani yake jamaa wa mbali walikuwa vichwa ndani ya visanduku. Mmoja alikuwa akila. Kijana wa kamati, mpwa wa marehemu, alikuwa akieleza jinsi mazishi yatakavyorushwa moja kwa moja, ili hata walioko ng'ambo wazike nasi. Watu walipiga makofi kidogo.

Shosho alipewa kiti na chai. Aliishika chai bila kuinywa. Nafasi ilipopatikana alimuuliza mwalimu, kwa upole kabisa, nani amekwenda Sugoi.

Mwalimu alimtazama mpwa. Mpwa alisema, "Shosho, hiyo tuliweka kwa grupu tangu Jumatatu."

"Grupu inakaa Sugoi?"

Wengine walicheka. Mpwa naye alitabasamu, akaeleza kwamba mwana wa yule dada, aliyeko ng'ambo akiendesha malori, yumo kwenye kundi, ameona, hata ameweka mikono ya kuomba. Shosho aliuliza kama huyo mwana amemwambia mama yake. Mwalimu alisema bila shaka. Kutoka kwenye kisanduku kimoja ukutani, sauti ya huyo mwana mwenyewe ilitoka ikiwa imechelewa nyuma ya midomo yake: yeye alidhani watu wa nyumbani wamekwenda. Mama hana simu. Msichana wa kazi anayo, lakini amebadilisha nambari.

Nilitazama wale watu, wengi wao wamesoma, wenye magari pale nje, na kila mkono ukiwa na simu inayoweza kuongea na upande wa pili wa dunia. Kati ya nyumba ile na kipofu wa Sugoi kulikuwa na mwendo wa gari unaoisha kabla chai haijapoa sana. Hakuna aliyekuwa mbaya. Kila mmoja alikuwa ametuma. Nilitaka kusimama nipige meza, na nadhani ningepiga, ila Shosho aliweka mkono kwenye goti langu.

"Mwalimu," alisema, "nisomee hilo tangazo lenu. Macho yangu hayaoni dhahabu."

Mwalimu alivaa miwani. Alisoma vizuri, kama mtu aliyezoea darasa. Mama ya, nyanya ya, shangazi ya. Kisha akasoma, "Dada mpendwa wa," akataja jina la yule wa Sugoi, "anayeomboleza pamoja na jamaa yote." Sauti yake ilipungua kabla hajafika mwisho.

"Mmemwandika kwamba analia," Shosho alisema. "Na hajui."

Mpwa alijaribu kueleza kwamba maneno hayo hutoka tu na ile picha, mtu hujaza majina. Ilikuwa kweli, na hapo ndipo hasira yangu ilipopata mahali pa kukaa. Majina yale, niliyoambiwa utotoni kwamba ni mwito, yalikuwa yamebaki mazima, ukoo wote kwa mpangilio uleule wa redio. Tuliyabeba kutoka mtambo mmoja hadi mwingine kwa uangalifu, kama mtu anayehama nyumba na kubeba funguo za mlango aliouacha. Mwito tuliuacha huko nyuma.

Mwanamke mmoja alisema basi mazishi yasogezwe mbele. Akajibiwa kwamba mahema, mochari na mtu wa kamera vimeshapangwa. Mwingine akasema chifu apigiwe. Chifu alipigiwa, alikuwa mteja asiyepatikana. Mpwa, ambaye naamini alitaka kusaidia, akasema, "Hata asipofika, tutamtumia linki, ataona kila kitu."

Aliisikia mwenyewe baada ya kuisema. Alitazama chini.

Mwalimu alisema atatuma gari kesho. Kesho asubuhi, mapema, likishatoka kuchukua jeneza. Shosho alimsikiliza hadi akamaliza, maana kwao na kwetu mwenye msiba hakatizwi. Kisha akaweka kikombe sakafuni, akasimama, akaanza kuvaa koti la mvua. Wingu lilikuwa limeshuka upande wa Turbo, jeusi kama kitako cha sufuria. Mwalimu alisimama pia.

"Mama, utaenda wapi na mvua hii?"

"Sugoi."

"Mama, hii ni kazi yetu."

"Ni yenu," alikubali, akifunga vifungo. "Lakini mimi nilikula mawe yake miaka mingi. Redio ikikosa, nitasema mimi."

Alipita katikati ya magoti na simu. Watu walivuta miguu kumpisha. Kwenye televisheni vile vichwa viliinama kuelekea kando, vikijaribu kumwona alikoelekea, lakini kamera ilikuwa imeelekezwa kwenye sofa. Nilikuwa nimeshanyanyuka nimfuate. Alinizuia kizingitini, akanikaribia, akasema kwanza chinichini kwa lugha ya kwetu, kisha kwa sauti, kwa Kiswahili, ili wote wasikie.

"Wewe kaa hapa. Ijumaa wakitaka kumshusha kabla sijafika na dada yake, ukatae. Ulale kwa hilo shimo kama ni lazima."

Nilisema nitakataa. Mwalimu naye, miwani bado usoni, alisema hakuna atakayemshusha, kamera ingoje. Shosho alimwinamishia kichwa mara moja, kama alivyofanya zamani dukani mteja aliporudisha chupa tupu isiyovunjika. Nje, yule wa boda aliyemleta alikuwa akipangusa kiti kwa kiganja. Shosho alitoka, akakitafuta kitasa kwa nyuma bila kugeuka, akauvuta mlango ukafungika.