Kikwembe cha Chini ya Godoro

Juzi sokoni nilimwona mwanamke amejifunga kikwembe cha ndege wa bluu, kimepauka, nikajikuta nimerudi kwetu Likasi, mchana mmoja wa joto.

Mama alikuwa amerudi kutoka Lubumbashi, alikokwenda kutibiwa saratani ya titi. Alikaa sakafuni kando ya sanduku lake la ndoa, na harufu ya naftalini ilijaa chumbani. Majirani waliingia mmoja mmoja, wakapapasa vikwembe, wakanong'ona na Mama, wakaondoka navyo makwapani. Nilidhani anawagawia wavae Jumapili kanisani, kama wanawake wanavyovaa sare kumheshimu mwenye sherehe.

"Mama, juu ya nini unabapa yote?"

"Sanduku ilikuwa nzito, mutoto yangu."

Nikaona nimsaidie. Kile cha ndege alikuwa amekificha chini ya godoro, nikakileta mbio.

"Ulisahau hii."

Jirani yetu Mama Rejina alikipokea, akakinusa, akamtazama Mama. Nje mtu alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, na mchi ulisikika muda mrefu.

"Akamate nayo," Mama akasema mwishowe. "Itatosha sindano moja ya hospitali."

Jumapili niliwatazama kanisani kwa fahari, wote wale waliovaa nguo za Mama.

Nilikuwa mtu mzima shangazi aliponiambia kwamba kile cha ndege Mama alikuwa amejiwekea cha kuzikwa nacho. Siku ya mazishi ya Mama, nikiwa bado mtoto, Mama Rejina alikuja amekivaa, na mimi nilimwendea nikamshukuru.