Sahani Iliyorudi Tupu

Wiki iliyopita simu imelia niko jikoni, mikono yote unga. Ujumbe kutoka shule ya binti yangu: ziara ya magofu ya Gedi, nauli, chakula na fulana, malipo kwa simu kabla ya Ijumaa. Mwisho wameandika, si lazima. Nikacheka peke yangu. Wewe nawe umesoma Mombasa, hiyo "si lazima" waijua.

Sisi tulikuwa darasa la sita. Mwalimu wetu, mtu wa bara, mpole, akikaa mtaa wa Buxton, alitutangazia kuwa ziara ya Gedi ni hiari, ila asiyelipa atabaki shuleni. Nikamwambia nyanya, pale kwetu Mji wa Kale, akichoma mkate wa sinia, makaa chini na makaa juu, iliki yanukia mpaka barazani.

"Hiari ya kubaki, hiyo nayo hiari?" akasema. Pesa hakuwa nazo, na kwenda kuomba hakutaka hata kusikia. Nililia mpaka nikachoka.

Kisha nikajitia ujanja. Mtaani kwetu sahani ya mtu hairudi tupu. Ukiletewa mkate, utarudisha japo maembe mawili. Basi nikakata nusu ya ule mkate, nikauweka kwenye sahani ya nyanya ya maua ya buluu, nikafunika kitambaa, mbio hadi Buxton. "Shikamoo mwalimu, nyanya akusalimu." Nilijua lazima atarudisha kitu, na mwalimu ana nini cha kutoa kama si nafasi ya safari?

Kesho yake akanikabidhi sahani mbele ya darasa. Imesuguliwa, yang'aa, na ndani hamna kitu! "Mwambie nyanya asante sana, nimeiosha vizuri." Maskini, kwao kuiosha ndiyo adabu.

Nyanya kuiona tu, akanibana nikasema yote. Nilingoja kofi. Salaala! Akacheka hadi akashika mbavu, kisha akafuta macho kwa leso.

Asubuhi akavaa buibui lake tukafuatana shuleni. "Mwanangu," akamwambia mwalimu, "pesa sina, mikono ninayo. Chakula cha safari niachie mimi, na huyu aende. Na siku nyingine ukiletewa sahani, usiirudishe tupu."

Mwalimu aliona haya, kisha akacheka. "Basi mama, ile sahani naijaza sasa: kiti kimoja cha gari."

Magofu ya Gedi nimeyasahau, sikufichi. Viazi vya karai vya nyanya, na ukwaju uliotuchuruzika mpaka viwikoni, hivyo sijasahau.

Sasa sikia. Nimemlipia binti yangu, akaniambia mwenzake wa dawatini haendi. Mamake nikamwomba nimlipie, akakataa kwa heshima kabisa, na nikamwelewa. Nikaandika shuleni: nitapika chakula cha darasa zima, mtoto yule aende badala ya ujira wangu. Nikangoja jibu kama nilivyoingoja ile sahani. Likaja: "Chakula kimeshaagizwa. Malipo ni kwa simu pekee. Asante." Nikajaribu kupiga, namba haipokei.

Jumamosi gari limeondoka na mtoto yule amebaki. Nimeumia, sisemi uongo. Sahani ya maua ya buluu ningali nayo kabatini, na mkate wa sinia najua kuuchoma. Nyanya, huko uliko, niambie, niupeleke mlango gani?