Mikono ya Mama na Pamba ya Mganga

Mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa upande wa Madimba, mikono ya mama ilianza kuwasha. Kwanza ilikuwa miekundu, kisha yakatoka malengelenge, na yalipopasuka ngozi ikabanduka, yakabaki mabaka meusi. Majirani wapya hawakuuliza. Walisema ukoma, basi. Ugali wa mama ukawa hauguswi. Mwenyewe naye akaogopa: mdogo wangu mchanga alimnyonyesha kwa kumwinamia mkekani, mikono kaificha mgongoni. Kumbeba kukawa kazi yangu. Nilikuwa na miaka kumi, na watu wale niliwachukia kweli kweli.

Hatimaye tukaenda zahanati, mdogo wangu nimembeba mgongoni. Nilitegemea sindano, lakini mganga aliigeuza tu mikono ya mama, polepole, akachungulia hata katikati ya vidole.

"Mama, jasho la uso unalifuta kwa mkono upi?"

"Wa kulia, daktari."

Akamwonyesha baka dogo shavuni, kulia, ambalo hata mimi nilikuwa sijaliona. "Unabangua korosho. Majivu hupaki?"

Nilibaki mdomo wazi. Huyu mtu hakuwahi kufika kwetu!

Mama akainama kwa aibu. Kule tulikotoka, wanawake walijipaka majivu mikononi kabla ya kubangua, ili mafuta ya ganda yasiwaunguze. Huku wenyeji walisifu korosho nyeupe isiyo na doa, na mama, kwa kutaka wampokee, aliyaacha majivu.

"Nadhani ni mafuta hayo," mganga alisema. "Ila tuhakikishe. Baka la ukoma huwa limekufa ganzi. Fumba macho, nikikugusa sema hapa."

Akasokota pamba ikawa na ncha nyembamba. Akagusa kiganja. "Hapa." Kifundo. "Hapa." Alipofika kwenye baka jeusi kuliko yote, pamba ilipita kidogo mno, sikujua hata kama imegusa. Sijawahi kuogopa kitu chepesi namna ile.

"Hapa," mama alisema, na machozi yakamtoka macho yakiwa bado yamefumbwa.

Mganga alirudia mara mbili, kisha akageuka kutafuta dawa ya kupaka. Mama hakuisubiri. Alininyooshea mikono ile ile yenye mabaka.

"Nipe mwanangu," alisema, nami nikafungua kanga.