Bata Aliyeitwa Baba

Cheche ni fundi wa kuchomelea mageti, lakini jina hilo hakupewa kwa ajili ya kazi. Hasira zake ziko karibu kama mfuko wa shati. Alipokuwa na miaka kumi na mbili kaka yake alimfunga kwenye gemu, Cheche akaibamiza pedi ya kuchezea ukutani. Nyumba yao ina pedi moja mpaka leo.

Baba yao alipofariki, meza ya mbele ya karakana ikabaki wazi. Meza hiyo inatazama barabara. Anayekaa pale wateja wanamwita fundi mkuu, wa nyuma anaulizwa choo kiko wapi. Cheche aliitaka mpaka anaiota. Kaka naye aliitaka. Wakanuniana miezi miwili, wanatumana kupitia wateja.

"Dada, hebu mwambie huyo bwana nyuma yako anipe nyundo."

"Dada, muulize kama miguu imekatika."

Mama yao akachoka. Jumapili mchana akavuta lile gemu la zamani kutoka chini ya kitanda, akalipuliza vumbi, akalichomeka kwenye tivii.

"Atakayeshinda achukue meza. Nimechoka kulea watu wenye ndevu."

Gemu lenyewe ni la kijinga kweli. Bata wamevaa kofia za jeshi, wanarushiana mabomu. Unarusha kwa zamu: una sekunde thelathini, kisha unampa mwenzako pedi. Bata akifa anapiga saluti, anazama. Kaseti ilikuwa bado imeshika majina waliyowapa bata utotoni. Cheche alikuwa na Kobe, Jirani na Mwalimu wa Hesabu. Kaka alikuwa na Shangazi, Dereva na Baba.

Shangazi alitangulia kuzama.

"Shangazi yako huyo, kwaheri," Cheche akasema. Neno lake la kwanza kwa kaka tangu wanuniane.

"Kwani wewe si shangazi yako, mjinga wewe?"

Wakapukutishana hadi wakabaki wawili: Mwalimu wa Cheche, na Baba wa kaka. Baba alisimama ukingoni mwa maji, hoi, uhai umebaki kidogo. Hata kipofu angempata. Zamu ya Cheche.

Sekunde ishirini. Kumi.

"Piga basi," kaka akasema.

"Usiniharakishe!"

"Meza unaitaka, huitaki?"

"Nimlipue Baba? Na Mama kakaa hapo?"

Mama alikuwa anakunja nguo. Muda ukaisha. Cheche akatoa pedi, imelowa jasho.

Kaka akamlenga Mwalimu. Bomu likagonga jiwe, likarudi, likatua miguuni pa Baba. Baba akapiga saluti, akazama.

"Kama siku ile ya geti," Mama akasema, wala hakuinua macho.

Maana marehemu mzee wao aliwahi kuchomelea geti la mteja likashikana na fremu, naye yuko ndani. Akashinda humo mpaka jioni, anasema anakagua. Kaka akaanza kucheka. Cheche akajikaza, akashindwa, wakaangukiana.

"Haya, meza yako," kaka akasema, akijifuta macho.

"Yangu vipi? Sijampiga mimi. Kajimaliza mwenyewe."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo zamu. Jumatatu wewe, Jumanne mimi."

Jumanne asubuhi kaka alikuwa bado anakusanya vifaa vyake meza ya mbele, taratibu kama bibi harusi. Cheche akasimama pembeni na grainda ya kukatia chuma mkononi, anatazama saa.

"Sekunde thelathini," akasema. "Ishirini na tisa."